Bento huanza na kupoza wali, si na macho ya sungura

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu bento, yale makontena ya chakula cha mchana ya Kijapani ambayo ukurasa wenu wa mapishi uliwaonyesha wazazi hivi karibuni. Tuliona wali uliofinyangwa umbo la sungura, macho ya mwani, na soseji zilizochanjwa zikafanana na pweza. Picha zilipendeza, na ni vizuri gazeti kuwaletea wasomaji kitu kipya. Lakini maelezo yaliishia kwenye mapambo. Hayakusema wali upikwe vipi, upozwe kwa muda gani, kontena liwe la ukubwa gani, wala kwa nini ndani ya bento hakuna mchuzi. Mzazi wa Tanga au Mombasa akiyafuata yalivyo, atafunika wali wa moto saa kumi na mbili asubuhi, na mtoto wake ataufungua saa saba mchana ukiwa umechacha.

Bento ni chakula kinachopikwa alfajiri ili kiliwe saa tano au sita baadaye kikiwa kimepoa, bila kupashwa moto. Tabia zake zote zinatoka hapo: aina ya mchele, kiasi cha chumvi, ukavu wa vitoweo, namna vinavyobanwa kontenani, hata rangi zake. Sisi tumezoea hotpoti. Hotpoti nzuri, iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka kabla ya kutiwa chakula, hukishikilia juu ya nyuzi joto 60 kwa saa kadhaa, na kwenye joto hilo bakteria hawazaliani. Bento inapita njia nyingine: chakula hupozwa haraka, hukaushwa, na hukaa kikiwa kimepoa. Hatari iko katikati ya njia hizo mbili, kwenye chakula cha vuguvugu kilichofunikwa. Wapo Wajapani wanaotaka wali wa moto, hasa majira ya baridi, na wana makontena ya kuhifadhi joto. Humo hutia wali au supu peke yake. Mayai na mboga hukaa kwenye kibakuli chao kingine kisichopata lile joto.

Tuanze na wali, kwa sababu ndio nusu ya bento na ndio unaoharibu mambo. Wajapani hutumia mchele mfupi, mnene, ambao wanga wake una kidogo amilosi, ile sehemu ya wanga inayoufanya wali kuwa mgumu ukipoa. Ukipoa hubaki laini na hushikamana, ndiyo maana unaokoteka kwa vijiti. Basmati na pishori ni mchele mzuri sana kwa pilau, lakini amilosi yake ni nyingi. Ukipoa punje hukauka, hutengana na kuwa ngumu kutafuna. Kama mchele mfupi haupatikani dukani kwako, fanya jaribio rahisi na mchele ulio nao: pika kikombe kimoja, upoze, ufunike kwa saa nne, kisha uonje. Utakaobaki laini ndio wa bento. Na wali wowote ule usiutie friji usiku ukitegemea kuutumia asubuhi. Kwenye nyuzi sifuri hadi nne ndipo wanga hurudi ugumu kwa kasi kubwa kuliko popote pengine, hivyo wali wa bento hupikwa asubuhi ileile.

Kipimo cha Japani ni kikombe cha mililita 180, sawa na gramu 150 za mchele mkavu, ambazo zikiiva hutoa takriban gramu 330 za wali. Osha mara tatu au nne hadi maji yakaribie kuwa maangavu, loweka nusu saa, chuja, kisha tia mililita 200 hadi 215 za maji kwa kila kikombe. Ikishachemka, punguza moto, funika dakika 12, epua, na uache umefunikwa dakika 10 nyingine kabla ya kugeuza kwa mwiko. Wanaoruka kuloweka hupata punje iliyoiva nje na yenye kiini kigumu ndani. Ikiwa ya moto huwezi kugundua, ikipoa unaisikia kila unapotafuna. Wakati wa joto kali, nyumba nyingi za Japani huongeza kijiko cha chai kimoja cha siki kwenye maji ya kila kikombe cha mchele. Harufu ya siki huondoka wali ukiiva, na uchachu mdogo unaobaki huwachelewesha bakteria. Wali wa nazi, pamoja na utamu wake wote, usiutie kwenye bento. Tui huchacha mapema kuliko wali mweupe.

Sasa kupoza. Tandaza wali kwenye sinia au moja kwa moja kwenye kontena, usizidi sentimita tatu kwenda juu, upepee kwa feni au kipepeo mpaka chini ya kontena pasiwe na joto ukigusa kwa mgongo wa mkono. Kwa kawaida ni dakika 20 hadi 30. Ukiweka chini yake sinia la bati lililotangulia kukaa kwenye friji, utapunguza nusu ya muda huo. Ukifunika mapema, mvuke unagonga mfuniko, unageuka matone, matone yanarudi juu ya wali na mayai, na umewapa bakteria maji na joto kwa pamoja. Kwenye wali anayehofiwa hasa ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukikaa vuguvugu, spora hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Sumu ile haiharibiki ukipasha chakula moto, hivyo ile desturi ya kusema "kiporo kikichemka tena hakina neno" hapa haifanyi kazi. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Japani ina msimu wa joto na unyevu, hasa Julai na Agosti, ambapo kila mwaka magazeti na shule hurudia kuwakumbusha wazazi masharti haya. Pwani yetu ina hali ya namna ile karibu mwaka mzima. Kwa hiyo bento ya Dar es Salaam, Zanzibar au Lamu ifuate masharti ya kiangazi cha Japani kila siku: pakiti ya barafu juu ya mfuniko (juu, kwa sababu hewa baridi hushuka), mfuko wenye kinga ya joto, na kivuli. Chupa ndogo ya maji iliyogandishwa usiku hutosha badala ya pakiti, na mtoto anayanywa yakiyeyuka. Mtu wa Nairobi au Arusha ana nafuu kidogo wakati wa baridi, lakini darasa lenye bati huwa la moto hukohuko.

Kuhusu ukubwa wa kontena, Wajapani wana kanuni ambayo ningependa kila mzazi aijue kabla ya kwenda kununua. Kontena likijazwa vizuri kwa sehemu tatu za wali, sehemu moja ya kitoweo kikuu na sehemu mbili za mboga, idadi ya mililita zake hukaribiana na idadi ya kilokalori. Kontena la mililita 600 litatoa chakula cha kama kilokalori 600. Mtoto wa chekechea anatosheka na mililita 300 hadi 400, wa darasa la kwanza na la pili 500, mwanamke mzima 600, na kijana wa sekondari au mtu wa kazi ya nguvu 800 hadi 900. Kama kontena halikuandikwa kipimo, lijaze maji halafu uyapime. Kosa la kawaida ni kununua kubwa ukidhani mtoto ataongezeka kula, halafu ukalijaza nusu. Vitu vinateleza, yai linahamia kwenye wali, na mtoto anafungua kitu ambacho hakitambuliki.

Katika kontena la mililita 600, wali ni gramu 180 hadi 200, kuku vipande vitatu, na kinachobaki ni mboga za aina mbili au tatu na kipande cha yai. Kila kimoja kipikwe kwa njia yake: kimoja cha kukaanga, kimoja cha kuchemsha, kimoja cha kukaushwa kikaangoni. Vyote vikiwa vya kukaanga, mlo ukipoa unakuwa mzito na mafuta yanaonekana. Samli na mafuta ya nyama ya ng'ombe huganda yakikaa na barafu, kwa hiyo bento hupikwa kwa mafuta ya mimea. Chumvi na soya sosi ziwe nyingi kidogo kuliko za chakula cha mezani, maana ladha hupungua ulimini chakula kikiwa kimepoa.

Yai la kukunja ndilo kitu ambacho karibu kila bento inacho, na ndilo linalowashinda wengi. Mayai mawili, kijiko cha chakula kimoja cha maji au supu ya samaki mkavu, kijiko cha chai kimoja cha sukari, nusu kijiko cha chai cha soya sosi, na ncha ya kijiko ya wanga wa viazi au konflawa iliyokorogwa kwanza ndani ya yale maji. Wanga huo unashika maji yasitoke yai likipoa. Bila wanga, saa sita mchana utakuta kidimbwi chini. Piga mayai bila kutia povu. Pasha kikaango kidogo kwa moto wa kati, pangusa mafuta kwa kitambaa, dondosha tone la yai: likilia na kushika papo hapo, joto linatosha. Kikaango kikiwa baridi yai linanata, kikiwa na moto mno linafanya mapovu na madoa ya kahawia. Mimina theluthi moja, likishaganda nusu likunje kuelekea kwako, lisukume upande wa mbele, paka mafuta, mimina theluthi ya pili huku ukiinua mkunjo wa kwanza ili yai bichi lipite chini yake, kunja tena, kisha ya tatu. Kwa kula mezani Wajapani huliacha na ubichi kidogo katikati. Kwa bento hapana. Likate vipande vya sentimita mbili, na ukiona ute unang'aa ndani, virudishe kikaangoni vikiwa vimelala ubavu. Mashariki mwa Japani, upande wa Tokyo, hupenda yai tamu. Upande wa Osaka na Kyoto hupendelea la chumvi na supu nyingi, ambalo lina ladha nzuri sana kwenye sahani lakini ni gumu kulibeba.

Kuku wa kukaanga: gramu 300 za paja lisilo na mfupa, vipande vya sentimita tatu, kijiko cha chakula kimoja na nusu cha soya sosi, kijiko cha chai kimoja cha tangawizi iliyosagwa, kitunguu saumu punje moja. Mwache akae humo nusu saa, asizidi saa moja, la sivyo chumvi inamkamua maji na anakuwa mkavu. Futa majimaji, vingirisha kwenye wanga wa viazi, kaanga kwenye mafuta ya nyuzi 170 kwa dakika nne, toa, pumzisha dakika nne, rudisha kwenye mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika moja. Ule muda wa kupumzika ndio unaopeleka joto katikati bila kuunguza nje. Wizara ya Afya ya Japani hushauri kitoweo kifike nyuzi 75 katikati kwa angalau dakika moja.

Mapishi ya Kijapani hutaka sake kwenye kuku huyu na mirin kwenye vitoweo vingi. Sake ni pombe, na mirin halisi ina alkoholi kama asilimia 14. Wasomaji Waislamu wanastahili kuambiwa hilo waziwazi, na ukurasa wenu uliitaja mirin kana kwamba ni aina ya siki. Badala ya kijiko cha chakula kimoja cha mirin, tia kijiko cha chai kimoja cha sukari na maji. Badala ya sake, tangawizi na tone la ndimu hutosha kuondoa shombo. Soma pia lebo ya soya sosi. Nyingi huongezewa alkoholi ili zikae muda mrefu, na zipo zenye alama ya halali.

Mboga zetu zinaingia kwenye bento bila shida yoyote, na mchicha ni mmojawapo wa zilizo bora. Chukua gramu 100, chemsha dakika moja, tumbukiza kwenye maji baridi, kamua. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha soya sosi, subiri kidogo, kamua tena. Soya sosi inavuta maji yaliyojificha kwenye shina. Kisha changanya na kijiko cha chakula kimoja cha ufuta uliokaangwa ukatwangwa, na sukari kidogo. Ufuta unakunywa majimaji yaliyobaki. Karoti moja iliyokatwa njiti nyembamba, ikaangwe dakika mbili kwa mafuta ya ufuta, tia kijiko cha chai kimoja kimoja cha soya sosi na sukari, endelea mpaka kikaango kikauke kabisa. Mboga hii hukaa vizuri hata siku ya pili kwenye friji.

Cha kuacha nje: saladi ya viazi, mchuzi wa aina yoyote, tango bichi, majani ya letasi yaliyowekwa kama ukuta kati ya vyakula. Letasi ikikutana na chumvi hutoa maji. Tumia vikombe vidogo vya silikoni. Nyanya ndogo ziondolewe kikonyo, kwa sababu uchafu hukaa kwenye tundu lile, zioshwe, zikaushwe, ziwekwe nzima. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ziache kabisa, pamoja na mayai ya kware na vijiti vya plastiki vyenye vichwa vya wanyama. Kitu cha mviringo na cha kuteleza humkaba koo. Mchuzi wa jana na maharage ya jana yaliyolala kwenye sufuria jikoni yana bakteria wao wengine wenye spora, Clostridium perfringens, wanaopenda chungu kikubwa kinachopoa polepole. Kitoweo kilichopikwa usiku kitiwe friji mapema kwenye chombo kifupi, asubuhi kipashwe mpaka kitoe mvuke katikati, kisha kipozwe upya. Hatua hii ya kupasha ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Na wasidanganywe na vitoweo vya dukani vya Japani vinavyotiwa kwenye bento vikiwa barafu: vile vimetengenezwa kwa ajili ya kuyeyuka vyenyewe, chini ya masharti ya kiwanda. Uliyogandisha mwenyewe nyumbani lazima upashe.

Kupanga huanza na wali, ukiutega mteremko upande wa vitoweo. Kisha kitoweo kikubwa, kisha yai kama ukuta, kisha mboga kwenye vikombe vyake, mwisho vitu vidogo vya kuziba mapengo. Funga, inamisha kontena ubavu, sikiliza: kikisikika kitu kinateleza, ongeza. Fanya yote kwa vijiti au uma safi. Mikono na pua hubeba bakteria aitwaye Staphylococcus, ambaye sumu yake nayo haiharibiwi na moto, na ndiyo sababu nyumba nyingi za Japani siku hizi hufinyanga matonge ya wali, onigiri, ndani ya plastiki nyembamba badala ya kiganja kitupu. Rangi tano za jadi, yaani nyekundu, njano, kijani, nyeupe na nyeusi, ni ukaguzi wa haraka wa mwisho. Ukikosa kijani umesahau mboga. Ukikosa nyeusi, ongeza ufuta mweusi au mwani.

Hapo ndipo mapambo yanapopata nafasi yake, na hapo ndipo maelezo yenu yaliacha pengo kubwa. Kila jicho unalobandika ni kugusa zaidi na dakika zaidi za chakula kukaa wazi. Mwani wa nori ukiwekwa juu ya wali wenye unyevu hunywea na kujikunja, sungura akapoteza uso kabla hajafika shuleni. Wenye ujuzi huubandika kwanza kwenye kipande cha yai lililokaangwa jembamba kama chapati ya maji, wakaukata pamoja nalo. Nori hutengenezwa kwa mwani wa aina nyingine kabisa, hivyo anayeuliza kama mwani unaolimwa Paje na Jambiani utafaa, jibu ni hapana. Wetu ni wa kutoa gundi ya kuzuia vyakula na dawa visitengane, hautoi karatasi.

Msomaji atauliza maana ya yote haya kwa Wajapani ni nini. Maana iko ndani ya kazi yenyewe. Anayepanga bento anafikiria saa ambayo yeye hatakuwapo: chakula kitakuwa na hali gani, mkono mdogo utafungua vipi, kipi kiliwe kwanza. Hufungwa kwa kitambaa ambacho huwa pia kitandiko cha kulia. Mlaji husema itadakimasu, neno la kushukuru kwa chakula, kabla ya kugusa, na kontena linalorudi jioni likiwa tupu ndilo jibu ambalo mpishi analisubiri. Likirudi na karoti, anajua cha kubadilisha kesho.

Historia yake imejaa werevu uleule wa kuzuia kuharibika. Wasafiri wa zamani walibeba wali uliokaushwa. Zama za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, watazamaji wa michezo ya kuigiza ya kabuki walikula makunouchi, matonge madogo ya wali yenye ufuta pamoja na vitoweo vikavu, katikati ya maonyesho. Reli ilipofika, stesheni zikaanza kuuza bento zake. Inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ni ya Utsunomiya mwaka 1885, matonge mawili ya wali yenye umeboshi (tunda la chumvi) ndani na figili iliyokaushwa ikachachushwa, ndani ya ganda la mwanzi. Toyama wana wali wa siki na samaki uliofungwa kwenye majani ya mwanzi. Stesheni ya Mori, Hokkaido, tangu 1941 inauza ngisi aliyejazwa wali akachemshwa kwenye soya sosi. Majani ya mwanzi, siki, chumvi, kisanduku cha mbao nyembamba kinachokunywa mvuke: kila kimoja kina kazi. Yale majani ya plastiki ya kijani tunayoyaona kwenye bento za dukani ni kumbukumbu ya majani halisi yaliyotenganisha harufu na kuchelewesha uozo.

Umeboshi ni tunda dogo chachu, hutiwa chumvi ambayo kwa jadi ni asilimia 18 hadi 20 ya uzito wake, kisha huanikwa juani. Watu husema likiwekwa katikati ya wali, bento nzima iko salama. Ukweli ni kwamba linalinda pale linapogusa tu. Ndiyo maana wajuzi hulikatakata na kulichanganya na wali wote. Na yale matamu ya asali ya siku hizi yana chumvi ndogo mno kufanya kazi hiyo. Wali mweupe wenye umeboshi moja katikati huitwa hinomaru, kwa kufanana na bendera ya Japani. Kuanzia Septemba 1939 serikali ya wakati wa vita iliwataka wanafunzi wabebe bento hiyo tupu kila tarehe mosi ya mwezi, kama ishara ya kujinyima kwa ajili ya nchi. Kwa hiyo bento imewahi kutumiwa kwa siasa pia, na wanaoisifia kama upendo mtupu wa mama waikumbuke sehemu hiyo.

Wakumbuke na sehemu ya tofauti za kipato. Kontena lilipofunguliwa darasani lilionyesha nani anacho na nani hana. Mwaka 1889, mjini Tsuruoka, watoto ambao kwao hakukuwa na cha kubeba walianza kupewa chakula shuleni: onigiri, samaki wa chumvi na achari. Mwaka 1954 Japani ilipitisha sheria ya chakula cha shule, na tangu hapo watoto wengi wa shule za msingi hula mlo mmoja uleule pamoja na mwalimu wao. Bento imebaki kwa chekechea, sekondari ya juu, safari za shule na siku za michezo. Gazeti linapowahimiza wazazi wetu washindane kwa sungura na pweza, lijue kwamba huko kwenyewe zipo chekechea zilizopiga marufuku mapambo hayo, kwa sababu watoto walilinganisha, na akina mama waliamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya picha. Mzigo huo umewaelemea wanawake kwa miaka mingi. Ni tangu mwaka 2009 hivi ndipo vijana wa kiume wanaojipikia bento ya kazini walipoanza kuzungumzwa kama jambo la kawaida.

Jambo ambalo ningependa mlinakili ni lile lililoanzishwa mwaka 2001 katika shule ya msingi ya Takinomiya, mkoani Kagawa, na mwalimu mkuu Takeshita Kazuo. Aliweka siku ya bento yenye masharti matatu: mtoto aitengeneze peke yake, kuanzia kupanga na kununua mpaka kuosha vyombo, bila mzazi kugusa; ihusu darasa la tano na la sita tu, na iwe mara moja kwa mwezi, Oktoba hadi Februari. Madarasa hayo ndiyo yanayofundishwa mapishi shuleni, hivyo mtoto ana msingi, na miezi hiyo si ya joto. Shule nyingi za Japani zimeufuata mfano huo.

Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza wali, yai la kukunja, mchicha wa ufuta na karoti, kwa saa moja, vipimo vikiwa hivi nilivyoviandika. Kuku aachiwe mkubwa kwa sababu ya mafuta ya moto. Jioni aoshe kontena mwenyewe, achomoe na ule mpira wa mfuniko autazame kwenye mwanga: ukiwa na madoa meusi ni ukungu, ubadilishwe. Naomba ukurasa wenu wa mapishi ukiirudia bento, kila pishi liandikwe dakika za kupoza na saa za mwisho za kula, kwa wino uleule mnaoandikia viungo.

Wako,
Mwalimu wa mapishi, Tanga